Bi Punguza Anastaafu, Darasa Halistaafu

Baada ya kuitumikia studio hii kwa miaka thelathini na mmoja, mhariri mkuu wa video na mwalimu wa darasa la wanaoanza anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Jina lake kamili mtalisikia kwa mshereheshaji, pamoja na cheo na namba ya utumishi. Humu ndani tunamwita Bi Punguza, na ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake itabidi umwite mara mbili.

Utawala uliniomba niandike aya chache za heshima kwa ajili ya ratiba ya hafla. Nilipewa na maelekezo: nitaje uchapakazi wake, nidhamu yake, upendo wake kwa vijana, halafu nifunge kwa shukrani. Darasa nisiliguse. Niliziandika kweli aya hizo, nikazisoma, nikaona zinamfaa mstaafu yeyote wa ofisi yoyote, hata angekuwa kabati. Nikazifuta. Hizi mnazosoma ni nyingine, na kwa kuwa kazi ya kuzipeleka kwa mpiga chapa nilipewa mimi huyohuyo, zimefika salama.

Mimi ni fundi sauti. Chumba changu na chake vinagawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo miaka yote hii nimemsikia zaidi ya nilivyomwona. Namjua kwa mlio wa kandambili anazovaa akishafika kazini, kwa kidole chake kinavyobonyeza kipanya kama anamfinya mtu sikio, na kwa lile neno lake moja. Mwanafunzi analeta kazi ya dakika tano: punguza. Anairudisha ikiwa dakika tatu: punguza. Siku moja mwanafunzi aliyechoka alimletea skrini nyeusi tupu, kwa utani. Akaitazama hadi mwisho bila kucheka, akasema, "Hapa katikati punguza kidogo."

Alikuja hapa akiwa msichana wa kutunza kanda kwenye makabati ya chuma. Enzi hizo video ilikatwa kwa mashine mbili, moja inacheza, nyingine inanasa, na ukikosea katikati unarudi mwanzo kabisa. Hakuna aliyemwita kujifunza. Alikuwa akiwapelekea wahariri kanda na kuchelewa kutoka makusudi. Mhariri mmoja alipougua na kazi ikabaki imelala, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanda mkononi akaambiwa akae. Akakaa. Hakuinuka tena hadi Ijumaa hii.

Kompyuta zilipoingia, wakubwa wa wakati huo walisema hizo ni za vijana. Akaomba ya kwake. Wateja walipoanza kutaka michoro inayosogea kwenye tovuti zao, wakubwa wengine wakasema hayo sasa ni mambo ya watoto kabisa. Wakati huo alishaitwa bibi nyumbani kwake. Akaomba tena ya kwake, akajifunza akiwa na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na kabla mwaka haujaisha wale vijana wenyewe walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwake kuuliza mambo.

Wapo wanaomwita mkaidi, nami siwapingi. Kiongozi mmoja aliwahi kuleta hotuba yake iwekwe kwenye tovuti ya ofisi yake. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba mpiga picha alisikika akikohoa mwanzoni na mwishoni alishapona. Bi Punguza akabakiza dakika mbili. Kiongozi akaja juu, miguu yake ikasikika tangu ngazini, nami nikazima mitambo yangu yote ili nisikose neno. Akamkalisha, akamwonyesha. Halafu nikasikia, "Kumbe nilisema maneno mazito namna hii?" Naye akajibu, "Uliyasema, Mheshimiwa. Yalikuwa yamefunikwa na mengine."

Lakini hayo yote wahariri wengine hodari wanayo. Kinachomtofautisha ni darasa. Wageni hamlijui, kwa sababu liko chumba cha mwisho korido ya juu, hakina dirisha, feni yake inazunguka kwa kwikwi na viti vyake hakuna viwili vya ukoo mmoja. Humo huingia watu wasiojua hata mashine inawashiwa wapi. Hawaulizwi cheti. Wanaulizwa kama wana simu na kama wana subira, na wasipokuwa na simu wanaazimwa.

Somo la kwanza ni mlango. Mwanafunzi anatumwa akampige video mwenzake anayeingia chumbani, vipande vitatu tu: mtu akiwa nje, mkono kwenye kitasa, mtu akiwa ndani. Aviunge. Kazi rahisi kama kunywa maji. Na kila muhula, bila kukosa, yupo anayefungua kwa mkono wa kulia akatokea ameshika kitasa kwa wa kushoto. Yupo anayeingia na begi akatokea hana. Muhula mmoja kulikuwa na bwana aliyeshika kitasa akiwa na nywele na kuingia ndani akiwa amenyolewa, maana kipande cha tatu kiliahirishwa mpaka baada ya wikendi. Bi Punguza hagombi. Anauliza tu, "Begi lake kampa nani?" Mwanafunzi hurudi mlangoni kichwa chini, na tangu siku hiyo hatazami tena filamu yoyote kwa amani.

Somo la pili ni mpira. Duara jekundu kwenye skrini linatakiwa lianguke na kudunda. Mwanafunzi anaweka alama ya kwanza juu, ya pili chini, anaiachia mashine ijaze katikati, na mpira unashuka kama lifti. Hapo darasa zima linatolewa koridoni na mpira wa kweli, na mimi chumbani kwangu, niliyekuwa narekodi tangazo la taratibu, naanza upya. Anawataka wautazame unavyojivuta ukifika juu kabla ya kurudi, unavyoshika kasi ukishuka, unavyobonyea ukigusa sakafu, unavyochoka pole pole hadi kulala. Kitu chenye uzito hakianzi ghafla wala hakisimami ghafla. Asiyelijua hilo atatengeneza tovuti ambayo kila kitufe kinashtuka kama kimeumwa na siafu.

Na kwa habari ya tovuti hana mchezo. Wanaoanza wote duniani hupenda kila kitu kisogee: kichwa cha habari kiruke, picha zizunguke, namba ya simu iwake na kuzima. Yeye huwauliza, "Wote wakicheza, nani atapika?" Kisogee kimoja, kimwambie msomaji atazame hapa, kisha kitulie mtu asome. Halafu anatoa kwenye pochi ile simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka, anaufungua ukurasa humo. Usipofunguka upesi, kazi inarudi mezani, kwa sababu si kila mtu ana simu mpya na bando la kuchezea. Nimewasikia vijana wakiilaani simu ile kwa majina. Baadaye nimewasikia wakiwaambia wateja wao maneno yaleyale kana kwamba wameyatunga wao.

Alikuwepo mama mmoja mshonaji, aliyekuja kujifunza ili aonyeshe nguo zake mtandaoni. Alihariri video yake wiki nzima. Siku ya kuionyesha, akafungua kazi yake mbele ya wenzake, skrini ikaja nyekundu tupu: picha hazipatikani. Mama wa watu akalia. Kumbe jana yake alisafisha mashine, akazihamisha klipu zote kwenye folda nyingine nzuri zaidi, aliyoipa jina la binti yake. Kosa hilo hulifanya kila anayeanza, na hakuna anayelifanya mara mbili. Bi Punguza akamwambia, "Mama, umehama nyumba hujawaambia wageni." Akamweleza kwamba programu haibebi picha zenyewe, inakumbuka anwani tu, na ukihamisha picha ni lazima uiambie zimehamia wapi. Wakaziunganisha moja moja hadi wekundu ukaisha. Mshonaji yule leo ana duka na vijana wawili wanaomshikia kamera, na jambo la kwanza anawauliza asubuhi ni folda.

Sitaacha kusema la sauti ya mfano, ingawa najua wapo walioomba lisiandikwe. Kabla msimulizi wa kweli hajafika, mhariri huweka sauti yake mwenyewe chini ya picha ili kupima urefu. Mwanafunzi mmoja aliweka yake kwenye filamu fupi ya mradi wa maji: "Hapa maji yanatoka. Hapa mzee anafurahi. Hapa sijui tuweke nini." Msimulizi akaja, akarekodi vizuri kabisa chumbani kwangu, lakini ile ya zamani ikabaki chini yake haijazimwa. Siku ya uzinduzi, mbele ya umati na vipaza sauti vyangu vikubwa, mgeni rasmi akaonekana kwenye skrini akikata utepe, msimulizi akanyamaza kidogo kwa heshima, na sauti ikasikika uwanja mzima: hapa sijui tuweke nini.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mgeni rasmi hakucheka. Kesho yake utawala ukataka mwanafunzi atimuliwe na jina lake libandikwe ukutani iwe fundisho. Bi Punguza akaenda ofisini na kandambili zake, hakubadilisha hata viatu, akasema aliyeipitisha kazi ile ni yeye, kwa hiyo libandikwe jina lake. Wakamwambia asijifanye shujaa. Akawaambia si ushujaa, ni utaratibu: kazi ya anayeanza ni kukosea na kazi ya mwalimu ni kuwepo. Mwanafunzi alibaki. Kuanzia siku hiyo darasani kukawa na sheria mpya kwamba sauti ya mfano lazima iwe na maneno ambayo huoni haya kuyasema mbele ya mkweo.

Sasa nifike pale nilipokatazwa.

Mwaka jana Mkurugenzi wetu alinunua violezo. Kwa wageni, kiolezo ni kazi iliyokwisha kutengenezwa na mtu usiyemjua: unaweka jina lako, unabonyeza, linaruka, linametameta, muziki unapiga, umemaliza. Alituita wote ukumbini akatuonyesha. Likaruka jina la studio, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, siku ilikuwa ya joto na nilitaka tuachiwe. Bi Punguza akanyoosha mkono akauliza jina linaruka kwa sababu gani. Mkurugenzi akasema linapendeza. Akauliza tena, kwa upole uleule, linaruka kwenda wapi. Mkurugenzi akalirusha tena.

Siku chache baadaye ukaja mpango. Ayarekodi masomo yake yote mbele ya kamera, kisha darasa lijiendeshe lenyewe: mwanafunzi anatazama, anapakua kiolezo, anapewa cheti. Alirekodi moja, somo la mlango. Nilimrekodia sauti mimi. Alilitazama mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, akalitazama tena, akalifuta. Akaniambia, "Mdogo wangu, huyu mama wa kwenye skrini haoni kama mwanafunzi amekunja uso. Anaendelea tu kusema." Akaenda kukataa rasmi. Akajibiwa kwamba hakuna shida, siku atakayostaafu darasa litastaafu naye, na chumba kitakuwa ghala la viti.

Mimi niliwaka. Nilitaka tugome, tuandike, tupige kelele, na kelele ndiyo fani yangu. Yeye akanitazama kama anatazama video ya dakika tano. Unajua aliniambia nini.

Kumbe alikuwa na lake. Akaanza kuaga mapema, karibu mwaka mzima kabla ya siku. Ikawa mtu akipita mlangoni kumwambia "dada, kumbe unatuacha", anakaribishwa, anavutiwa kiti, na kiti kipo mbele ya mashine. Huinuki hapo hujakata kipande. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu nani atamnyima mstaafu dakika zake? Dereva wetu, aliyekuja kusalimia akisubiri abiria, akajikuta anahariri mlango. Akarudi kesho yake kwa hiari, maana begi lilikuwa bado linamsumbua. Dada wa mapokezi alipewa mafaili. Tangu hapo hakuna mtu jengo hili anayethubutu kumpa faili linaloitwa "mwisho", kisha "mwisho kabisa", kisha "mwisho wa kweli", kama tulivyozoea. Atakurudisha nalo ngazi zote ulizopanda. Mhasibu, mtu asiyecheka, alifundishwa kuanza taratibu na kumalizia taratibu, na mchoro wake wa jani linaloanguka niliuona kwa macho yangu nikaomba aurudie. Mtunza ghala alijifunza tovuti, na sasa ndiye mwenye ile simu iliyopasuka. Amerithishwa kwa mkono.

Aliyewapita wote ni mpishi wa kantini. Wengine tulizionea huruma picha zetu, tukazikata huku tunaugua. Yeye alikata kama anamenya, cha kutupa akatupa, akauliza kama kuna nyingine.

Na mimi? Miaka yote nimegoma kugusa picha. Nilimwambia hadharani kwamba video bila sauti ni watu wanaofungua midomo kama samaki, na yeye hadharani alinijibu kwamba sauti bila video ni redio, na redio tunayo nyumbani. Alinikalisha siku ya mvua, umeme ukiwa umekatika kwangu na kwake upo. Akanizimia sauti. Mimi! Akanipa mazungumzo ya watu wawili niyakate kwa kutazama nyuso tu: nikate pale aliyesikia anapoanza kuelewa, nisimsubiri aliyesema amalize. Nilikasirika, nikakata, nikakasirika tena. Aliporudisha sauti, maneno ya mmoja yalikuwa yanaanza kusikika tukiwa bado tunautazama uso wa mwingine, na ikawa tamu kuliko chochote nilichowahi kurekodi. Akasema, "Haya, hapo umenishinda. Sauti ikitangulia kidogo, picha inakaribishwa." Kauli hiyo naiweka humu kwa maandishi, mbele ya mashahidi, asije akaikana uzeeni.

Jumanne ya wiki iliyopita Mkurugenzi mwenyewe alikuja kumuaga. Nisimsingizie: si mtu mbaya, anasalimia watu, na viatu vyake vinavyolia vinakupa nafasi ya kujipanga kabla hajafika. Nilivisikia vikija koridoni, vikasita mlangoni, vikaingia. Nikasikia kiti kikivutwa. Baadaye nilisimuliwa kwamba alikuwa na barua ya kufunga darasa mkononi, ila mikono yote miwili ilihitajika, akaiweka pembeni. Mpira wake wa kwanza ulishuka kama lifti. Wa pili ulipita sakafu ukaendelea kwenda. Kisha nikasikia jambo ambalo sikulitegemea: Mkurugenzi wetu, mtu mzima na tai yake, anadunda mpira koridoni na kuuchungulia. Katibu wake akaja kumtafuta kwa kikao, akaambiwa asubiri. Ule wa kwenye skrini ulipodunda hatimaye, ukabonyea, ukapanda bila kufika pale ulipoanzia, ukachoka, ukalala, alicheka kwa sauti. Nimerekodi vicheko vingi na najua cha kweli. Kile kilikuwa cha kweli.

Kesho yake asubuhi barua ilikuwa kwenye ubao wa matangazo, imesainiwa.

Nilikwenda kwa Bi Punguza nikiwa nimevimba. Nilimkuta anafuta vumbi kwenye mashine, moja baada ya nyingine. Nikamwambia mtu yule hana shukrani, amecheka mchana akasaini jioni. Akasema, "Mwache. Ameshajua mpira unavyodunda. Hata afanyeje, hawezi kurudi kutojua." Halafu akakaa, na kwa mara ya kwanza nikamwona amechoka. Akaniambia darasa hili ndilo kitu pekee alichokitengeneza ambacho hakutaka kukipunguza. Ukweli ni kwamba nililia, na fundi sauti akilia hujisikia mwenyewe kwa ukali sana.

Kwa hiyo nasema sasa, kwa niaba ya niliowataja, na wote wamekubali kutajwa.

Barua inasema chumba kitakuwa ghala la viti. Vizuri sana. Darasa linahitaji viti, na vya zamani vilikuwa vimekwisha. Ufunguo wa ghala anao mtunza ghala, ndiyo kazi yake, na mtunza ghala anayo haki ya kukagua viti vyake kila asubuhi na kuhakikisha vinakalika. Barua inasema hakuna mwalimu wa darasa la wanaoanza. Hapo barua imekosea. Jumatatu dereva atafundisha mlango, kabla ya zamu yake. Jumanne dada wa mapokezi, mafaili na folda, na ninawaonea huruma watakaochelewa. Jumatano mpishi, kukata. Ijumaa mhasibu na jani lake asubuhi, mtunza ghala na simu yake mchana, na mimi mwisho, sauti, nikiwa nimeizima. Waombaji wa muhula huu walioambiwa warudi makwao, sisi tumewaambia waje.

Alhamisi ni siku ya mpira. Nafasi ya mwalimu tumeiandika "Mkurugenzi". Hatukumwuliza, anaisoma sasa hivi pamoja nanyi, na ikimpendeza kuikataa mbele ya wageni, kipaza sauti nitamwekea tayari. Asipotaka, tutafundisha wenyewe. Anaweza kutuandikia barua nyingine, na anaweza kutuadhibu mmoja mmoja. Itabidi aanze na aliyeandika ratiba hii, nami nipo chumba cha pili kushoto, mlango hauna kitasa, sukuma tu. Lakini kulifunga darasa ni jambo jingine. Angelifunga siku lilipokuwa na mwalimu mmoja.

Dada yetu, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa subira uliyotuonyesha sisi tuliojidai tunajua, na kwa ukali ulioutumia pale ambapo upole ungetuharibu. Wanao na wajukuu wako watuwie radhi kwa miaka yote tuliyowanyang'anya. Tunakutakia pumziko lenye afya, watu wanaokupenda karibu nawe, na asubuhi nyingi ambazo hakuna wa kukugongea kuuliza klipu zake zimekwenda wapi. Nitakukosa ukutani kwangu, na nalisema bila kulipamba.

Ombi ni moja. Tunakujua, Jumatatu utaamka saa ileile, utavaa, utajiambia unapita tu kusalimia. Usije, dada. Tutakuwa tunafundisha.